YouTube inateleza, video ya harusi inaganda: kosa liko wapi?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Naishi Mji Mkongwe, Unguja, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. Harusi ya mdogo wangu ilipigwa video ya 4K, na mpiga video akatupa mafaili kama yalivyotoka kwenye kamera. Yapo kwenye kompyuta ya chumbani kwangu. Nikiyafungua kwenye runinga ya sebuleni kwa Wi-Fi, yanakwenda sekunde kumi yanaganda, kisha sauti inatangulia picha. Cha ajabu, YouTube ya 4K kwenye runinga hiyohiyo inateleza. Kifurushi chetu ni Mbps 20. Fundi alivuta waya kutoka kwenye ruta mpaka kwenye runinga, ikawa vilevile. Sasa anasema tupandishe kifurushi hadi Mbps 50 na tununue kifaa cha kuongeza nguvu ya Wi-Fi. Shangazi zetu wanakuja kutoka Maskati na mama anataka waione harusi. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykum salaam dada yangu, na hongereni kwa harusi. Kabla hujatoa hata shilingi moja: kifurushi msipandishe, na hicho kifaa msikinunue.

Video yenu haipiti kwenye intaneti hata kidogo. Inatoka kwenye kompyuta yako, inaingia kwenye ruta, ruta inaipeleka kwenye runinga, basi. Safari nzima inaanzia na kuishia ndani ya kuta zenu. Ukitaka kulihakikisha hilo, subiri siku intaneti ikikatika, nadhani hutasubiri sana, kisha fungua video. Itafunguka kama kawaida, na itaganda kama kawaida. Ile Mbps 20 mnayolipia ni upana wa mlango wa nje wa nyumba, nanyi mnabanana ukumbini.

Fundi wako simlaumu. Neno "inaganda" limeshazoeleka kumaanisha "kifurushi kidogo", na mara nyingi ni kweli. Safari hii si kweli, na ushahidi umeuandika mwenyewe: YouTube, inayotoka ng'ambo ya bahari, inafika; faili lililoko chumba cha pili halifiki.

Tuanze na hesabu, maana bila hesabu tutakuwa tunapiga ramli. Chukua faili moja la harusi, tazama ukubwa wake na urefu wake. Wewe hukunitajia, kwa hiyo nitatumia mfano wa kamera za aina hiyo: faili la GB 46, lenye dakika 62. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo 46 mara 8 ni gigabiti 368, yaani megabiti 368,000. Dakika 62 ni sekunde 3,720. Gawanya: unapata megabiti karibu 99 kwa kila sekunde, yaani Mbps 99. Huo ndio uzito wa video kwa sekunde, ambao wapiga video huuita bitireti. Kamera nyingi za 4K wanazotumia wapiga harusi hurekodi kwa 100 hivi, kwa hiyo sitashangaa ukipata namba ya jirani na hiyo. Fanya hesabu hii kwa faili lako leo hii. Kila nitakachosema hapa chini kinategemea jibu lake.

Sasa linganisha. Netflix wanashauri uwe na Mbps 15 kwa 4K. YouTube wanasema 20. Yaani picha zote mbili zinaitwa 4K, zina idadi ileile ya nukta kwenye kioo, lakini ya harusi ni nzito mara tano au zaidi. Kamera inarekodi ikiwa na haraka, haina nafasi ya kukaa chini na kubana kila kitu vizuri, halafu inamwachia mhariri malighafi nyingi kadiri inavyoweza. YouTube, kwa upande wao, wana mitambo ya kuikamua video mpaka ibaki kile tu ambacho jicho litakitambua. Faili lako ni nazi nzima pamoja na kifuu chake.

Kuna jambo la pili linaloipendelea YouTube. Video yao imekatwa vipande vya sekunde chache chache, na kila kipande kipo kwa viwango kadhaa vya ubora. Runinga ikiona mtandao umelegea, kipande kinachofuata inaomba chepesi zaidi, wewe unaona picha imefifia kidogo au huoni kabisa. Kwa hiyo hata hiyo 4K yenu ya YouTube sina hakika kwamba saa mbili usiku, nyumba nzima ikiwa mtandaoni, bado ni 4K. Faili la harusi halina huruma hiyo. Lina kiwango kimoja tu. Njia ikishindwa kulibeba, halipungui uzito, linasimama.

Turudi kwenye waya, maana najua ndipo ulipokata tamaa. Kila mtu anakuambia waya ndiyo dawa, umevutiwa waya, na bado. Kuna sababu mbili, na huenda zote mbili zipo kwako.

Ya kwanza itakuudhi. Geuza runinga utazame tundu la waya wa mtandao. Kwenye runinga nyingi, hata zile za bei ya kutisha, tundu hilo ni la Mbps 100 tu. Ruta yako ya kawaida ya siku hizi ina matundu ya Mbps 1,000, waya nao unabeba 1,000, ila runinga yenyewe imewekewa tundu la zamani, kwa sababu mtengenezaji anajua karibu hakuna huduma ya filamu ya mtandaoni itakayotaka zaidi ya hapo. Na hiyo 100 si 100 kamili: ukiondoa bahasha za usafirishaji zinazofungiwa kila kipande cha data, mzigo halisi unaopita ni 94 hivi. Video ya 99 kwenye njia ya 94. Inakwenda sekunde kadhaa kwa akiba iliyokusanywa mwanzoni, akiba inakwisha, inaganda, inakusanya tena. Ndiyo maana runinga ya namna hii wakati mwingine hufanya vizuri zaidi kwa Wi-Fi ya GHz 5 (masafa ya Wi-Fi yenye kasi zaidi kuliko yale ya zamani ya GHz 2.4) kuliko kwa waya, jambo ambalo ukimwambia fundi wa waya atakucheka.

Ya pili: waya umefika kwenye runinga, je, kompyuta? Hukusema. Kama bado iko kwenye Wi-Fi, basi nusu ya safari haijaguswa. Na hapo mwanzo, vyote viwili vilipokuwa kwenye Wi-Fi, hali ilikuwa mbaya kuliko watu wanavyodhani, maana kila kipande cha video kilipita hewani mara mbili: kutoka kompyuta kwenda kwenye ruta, kisha kutoka kwenye ruta kwenda kwenye runinga. Hewa ni moja, na kwenye chaneli moja anasema mmoja tu kwa wakati mmoja, kama kwenye baraza lenye adabu. Wi-Fi inayoweza kubeba 120 inakubakishia 60. Hicho kifaa cha kuongeza nguvu ulichoshauriwa, cha aina ya bei rahisi, kinafanya dhambi hiyohiyo: kinapokea, kinanyamaza, kinarudia kusema. Kinarefusha mkono wa mtandao, na kasi inakatika nusu. Kwa mtu anayetaka WhatsApp ifike jikoni, kifaa kizuri. Kwa mzigo wako, ni kuongeza foleni.

Halafu nyumba yenyewe. Kuta za Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na kuendelea, na zinakunywa unyevu. Maji ni adui wa mawimbi ya redio. Hata sakafu zenu si mbao tupu: juu ya boriti za mikoko kumepangwa mawe na chokaa. GHz 2.4 inapenya kwa shida lakini inapenya, ila ina chaneli tatu tu zisizogongana, 1, 6 na 11, na kwenye vichochoro vile ambapo jirani unaweza kumpa chumvi dirishani, hizo tatu zimeshajaa ruta za watu. GHz 5 ina nafasi tele na kasi ya kutosha, chumba kimoja na ruta ya kisasa unapata 200 na zaidi bila taabu, lakini ukuta mmoja wa babu unaikata miguu na wa pili unaizika. Kwenye nyumba hizi Wi-Fi haipiti ukutani, inapita kwenye ngazi na uwazi wa ndani. Nimeshaona ruta ikihamishwa kutoka nyuma ya kabati la ukumbini kwenda kwenye kituo cha ngazi, mita nne tu, na nyumba nzima ikafufuka.

Basi usinunue kitu, pima kwanza. Kuna vipimo viwili, na cha kwanza ndicho cha muhimu.

Chukua diski ya nje, nakili humo faili moja la harusi, kisha diski hiyo ichomeke moja kwa moja kwenye tundu la USB la runinga. Mtandao umeuondoa kabisa kwenye kesi. Video ikienda bila kuganda, mshitakiwa ni mtandao. Ikiganda, au ukipata sauti na kioo cheusi, mshitakiwa ni runinga yenyewe: chipu yake haiwezi kuisoma video ya aina hiyo. Kamera za kitaalamu huhifadhi rangi kwa undani ambao chipu za runinga nyingi hazikuumbiwa kuusoma, na hapo hata ukivuta waya wa dhahabu hutapata kitu. Sauti kutangulia picha, kama unavyoeleza, hunitia shaka hiyo. Si ushahidi kamili, kwa sababu mtandao dhaifu nao huweza kuleta hali hiyo, lakini usiuruke mtihani huu.

Cha pili ni cha mtandao. Azima kompyuta mpakato ya mtu, ikae palepale runinga ilipo, uichomeke waya ule wa runinga. Kisha nakili faili kubwa kutoka kompyuta yako kuja kwenye hiyo, na utazame kasi inayoandikwa kwenye kioo. Angalia herufi: MB yenye B kubwa ni megabaiti, ukitaka megabiti zidisha kwa nane. Ukiona MB 90 au 100 kwa sekunde, waya ni mzima na kompyuta yako inatoa vizuri. Shida ni tundu la runinga au chipu. Ukiona inarukaruka, mara 3, mara 9, mara sifuri, kuna Wi-Fi mahali njiani. Na ukiona imekaa kwenye 11 na nukta, haipandi wala haishuki, kama imepigwa msumari, basi kuna kitu cha Mbps 100 kimekaa katikati: swichi ya mtandao ya zamani, tundu la zamani, au waya uliofungwa vibaya.

Hapo kwenye waya nisimame kidogo. Mbps 1,000 inahitaji nyaya zote nane zilizomo ndani ya waya. 100 inaridhika na nne. Mafundi wengine hufunga nne tu, na wengine hugawa waya mmoja kwa vifaa viwili, nne huku nne kule, ili kuokoa mita. Taa inawaka, intaneti inafika, mteja analipa. Miaka ya nyuma nilibadilisha ruta mara mbili kwenye nyumba ya mteja mmoja, nikampigia simu aliyemuuzia nikimgombeza, ndipo nikavuta kabati na kukuta waya umeungwa kwa plasta nyeusi ya fundi umeme, nyaya mbili hazijagusana kabisa. Tangu siku hiyo naanza na kichwa cha waya: kiko wazi kama kioo, kigeuze kwenye mwanga, hesabu rangi. Zikiwa nane na zote zimefika mwisho, endelea. Umbali usikutishe, waya wa mtandao wa daraja la Cat5e unabeba 1,000 mpaka mita 100, na nyumba yenu haina mita 100. Tafadhali tu msitoboe ukuta ovyo. Mji umo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, na hata pasingekuwa na Mamlaka ya kukuulizeni, chokaa ya zamani ikipigwa drili ya zege humomonyoka. Pitisheni waya juu ya fremu za milango na kando ya ngazi.

Tuseme umepima, na mambo ni kama ninavyoshuku: kompyuta iko kwenye Wi-Fi, runinga ina tundu la 100. Watu watakushauri usogeze ruta, uiunge kompyuta kwa waya, uiache runinga kwenye GHz 5 iwe chumba kimoja na ruta. Ushauri sahihi, na utafanya kazi. Mimi lakini kwa harusi nisingehangaika hivyo. Ningelipunguza faili.

Sikia kwanza kabla hujashtuka. Faili la asili hulifuti, hulifanyii lolote. Unatengeneza nakala ya kutazama. Kuna programu ya bure inaitwa HandBrake. Unaifungua, unaipa faili, unachagua kodeki, yaani njia ya kubana video, ya H.265, na kwenye kipimo cha ubora kinachoandikwa RF unaweka 24. Namba ikishuka, ubora unapanda na faili linanenepa. Ikipanda, kinyume chake. Kwa 4K, wenye programu wenyewe wanashauri kati ya 22 na 28. Sauti iache kwenye mtindo wa AAC. Kwa video za aina hii mimi hupata faili la robo ya uzito wa asili, mara nyingine chini ya hapo, na kwa runinga ya sebuleni, ukiwa umekaa kwenye kochi, tofauti huioni. Video ya 99 ikigeuka ya 25, inapita kwenye tundu la 100 na nafasi inabaki, inapita hata kwenye Wi-Fi ya wastani. Na lile tatizo la chipu kusoma rangi, kama lipo, linakwisha hapohapo, kwa sababu nakala inatoka kwa mtindo ambao karibu kila runinga ya 4K inaujua.

Usianze na saa nzima. HandBrake inakuruhusu kuchagua kuanzia sekunde fulani mpaka fulani, kwa hiyo jaribu dakika moja tu, na dakika hiyo iwe ya vurugu: si pale shehe anaposoma hotuba, watu wametulia na mandhari haisogei, bali pale bibi harusi anapoingia, mataa yanazunguka, magauni ya vimulimuli, vigelegele, mtu anarusha asumini. Vitu vidogo vingi vinavyosogea kila kimoja upande wake ndivyo vinavyoichosha kodeki. Hapo picha ikitoka safi, kwingine kote itatoka safi. Ikionekana kama imepakwa mafuta, shusha RF iwe 22 ujaribu tena.

Subira inahitajika. Kwenye kompyuta ya kawaida isiyo na kadi ya picha ya maana, kazi hii inaweza kwenda picha tano kwa sekunde. Saa moja ya video ya picha 25 kwa sekunde ni picha 90,000. Kwa mwendo huo ni saa tano kamili. Kwa hiyo unaiwasha usiku ukilala, moja leo, moja kesho. Umeme ukikatika katikati utaanza faili hilo upya, hivyo yapange moja moja: akdi peke yake, kuingia ukumbini peke yake, walima peke yake. Kuna seva za nyumbani, yaani programu za kurusha video kutoka kompyuta hadi runinga, kama Jellyfin ambayo nayo ni ya bure, zinazoweza kulipunguza faili papo hapo wakati unatazama. Nzuri sana kwa mwenye kompyuta yenye nguvu. Kwa 4K nzito kwenye kompyuta ya kawaida, utasikia feni inanguruma kama ndege inayopaa na video itaganda vilevile, safari hii kwa sababu nyingine.

Siku ya wageni ikifika na hamjamaliza, weka nakala ulizopata kwenye diski, uichomeke kwenye runinga, na mtandao uupumzishe. Si aibu. Ila flashi na diski nyingi ndogo zinakuja na mfumo wa FAT32, ambao haukubali faili linalozidi GB 4. Utaambiwa faili ni kubwa mno wakati unaona nafasi iko tele. Ifomati kwa mfumo wa exFAT, na runinga ikiukataa, jaribu mfumo wa NTFS. Kufomati kunafuta kila kilichomo, kwa hiyo iwe diski tupu, isiwe ile yenye mafaili ya asili. Hayo ya asili yaweke sehemu mbili tofauti, moja nje ya nyumba, hata kwa shangazi Maskati kama ana nafasi kwenye begi.

Ukishafanya kipimo cha diski kwenye runinga na kile cha kunakili, na bado inaganda, niandikie tena. Nitajie namba tatu: ukubwa wa faili, urefu wake kwa dakika, na kasi uliyoiona wakati wa kunakili. Aina ya ruta unaweza kuniambia ukipenda, lakini hiyo siihitaji kwanza.